Ngoro Chini ya Ukoka

Doa la kwanza niliamua kutoliona. Lilikuwa dogo, upana wa kisahani cha chai, karibu na ngazi za ofisi, na ukoka ndani yake ulikuwa umegeuka rangi ya majani makavu ya mgomba. Nikajiambia ni mkojo wa mbwa. Kesho yake yalikuwa matatu, keshokutwa nikaacha kuhesabu, na mbwa mwenyewe hatukuwa naye.

Ukoka ule ulikuwa na wiki nne tu tangu ulazwe. Ulikuwa mbele ya ofisi ya kampuni iliyokuja kununua kahawa pale Mbinga mjini, kwenye mteremko unaotazama barabara, na aliyeulaza ni mimi. Kabla ya hapo nilikuwa bibi shamba wa ushirika. Miaka saba nilipanda na kushuka milima nikiwaonyesha watu namna ya kupogoa mibuni na kupulizia dawa ya chulebuni, ile kuvu inayoozesha buni changa. Kisha ikaja ruksa ya biashara huria, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, ushirika ukaanza kuyumba, nasi tukaitwa ofisini mmoja mmoja kuambiwa tumepunguzwa. Neno hilo nililichukia na bado nalichukia. Nywele hupunguzwa, matawi hupunguzwa. Mimi nilifukuzwa. Kilichobaki mikononi mwangu ni jina tu: sokoni, kanisani, njiani, watu waliendelea kuniita Bibi Shamba.

Kwa hiyo meneja wa kampuni aliponiuliza kama najua kuotesha ukoka, nilijibu najua, tena bila kupepesa macho. Nilichojua ni kahawa.

Meneja alikuwa kijana wa pwani, mpole wa sauti, mwenye mashati meupe ambayo vumbi letu jekundu liliyaonea sana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na tarehe, maana wenye kampuni walikuwa wanakuja katikati ya Julai kufungua ofisi, na walikuwa wametuma picha ya ofisi yao nyingine, mbele yake kukiwa na ukoka umelala kama zulia. Yeye alikuwa na manyasi yanayofika kiunoni. Akaniambia hivi: "Bibi Shamba, ukoka ukishika, nakuandika kazi ya kudumu. Utawashughulikia wakulima, kama zamani. Usiposhika, tutaagana kwa amani." Nilikuwa na watoto wawili na mume aliyekwenda Songea kutafuta kazi akapata mke. Amani ya namna hiyo sikuitaka.

Nilipoupima ule mteremko kwa macho nilijua siuwezi peke yangu. Nikamtumia ujumbe mama yangu kule Maguu, aje na jembe lake.

Mama alikuwa bingwa wa ngoro. Asiyetoka kwetu huenda hajui ngoro ni nini, basi nieleze. Milima yetu ni ya kusimama. Ukilima kawaida, mvua moja inaondoka na shamba. Kwa hiyo Wamatengo hufyeka manyasi, huyaacha yakauke, kisha huyalaza kwa mistari inayokatana, miraba kwa miraba, mlima mzima. Halafu udongo huchotwa katikati ya kila mraba na kuyafunika yale manyasi. Panabaki shimo katikati na matuta pembeni. Maji yanakaa shimoni, manyasi yanaoza taratibu chini ya tuta, na maharage yanaota juu yake. Kufyeka na kulaza manyasi ni kazi ya wanaume, kuchimba na kufunika ni ya wanawake. Baba alipofariki, mama alifanya zote mbili. Walimsema sana kwa hilo, na mistari yake ilinyooka kuliko ya wanaume waliokuwa wakimsema.

Alifika, akautazama mteremko wa kampuni, akasema utakwenda na mvua ya kwanza ya Desemba usipowekwa ngoro chini. Tulaze manyasi, tufunike, kisha badala ya kuacha mashimo tusawazishe juu, ukoka ukae hapo. Niliona ni akili kubwa. Nilichosoma chuoni kuhusu mmomonyoko hakikuzidi hapo. Tukafyeka siku nzima, na jioni manyasi yakawa yamelala kwa mistari, mabichi, yananukia.

"Sasa tuyaache," alisema mama. "Wiki mbili, tatu. Yakauke."

"Hakuna wiki tatu, mama. Hakuna hata moja."

"Mabichi hayafunikwi."

"Hapa si shambani. Hapa hakuoti maharage, kunaota majani tu. Funika."

Tulikuwa tunasemezana Kimatengo, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko inavyotakiwa kwa mzazi. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye benchi lake pale getini. Yeye alikuwa Mnyasa wa Lundo, kule ziwani, lakini miaka yake ya Mbinga ilikuwa imemfundisha Kimatengo kizuri, na nilimwona akiinamisha kichwa kama mtu anayesikia ugomvi wa jirani na hataki kuonekana anasikia. Mama alinitazama kidogo. Kisha akatemea mate viganja vyake, akashika jembe, akafunika.

Mlinzi ndiye aliyenipatia ukoka wenyewe. Kwao Lundo, alisema, kati ya mashamba ya mpunga na mchanga wa ziwa kuna ukoka unaoliwa na mbuzi mchana kutwa, mfupi, mzito, hauna mwenyewe. Nikateremka na lori lililokuwa likienda kuchukua samaki. Nilikaa siku tatu kwa mke wake. Mwanamke yule tulikuwa hatujaonana maishani, lakini alinipa kitanda chake akalala chini na watoto, na asubuhi alishika jembe akanisaidia kukata ukoka vipande vipande pamoja na udongo wake na kuupanga kwenye magunia yaliyoloweshwa ziwani. Tulikula ugali wa muhogo na usipa, wale samaki wadogo wa ziwa wanaoanikwa juani mpaka wanakauka kabisa. Siku ya kuondoka alinifungia usipa wengine wa kumpelekea mumewe, akanipa na salamu moja ndefu, kwamba mtoto mkubwa amechaguliwa sekondari, na kwamba asithubutu kuiacha hiyo kazi hata kama anatukanwa.

Nilifikisha salamu. Mlinzi alicheka akasema, "Nani anataka kuiacha?"

Nililaza ukoka mwanzoni mwa Juni, baridi ya kwetu ikiwa imeanza, ile yenye ukungu usioondoka hadi saa nne. Nikaumwagilia kila jioni bila kukosa, kwa bidii ya mwanafunzi wa darasa la kwanza. Ulishika. Wiki tatu meneja alikuwa akitoka ofisini bila sababu, anasimama barazani, anautazama, anarudi ndani anatabasamu.

Kisha yakaja madoa.

Nikiyainamia asubuhi, umande ukiwa bado, niliona utando mweupe mwembamba juu ya majani, kama wa buibui, na pembezoni mwa kila doa mstari wa rangi ya damu ya mzee. Jua likitoka utando unapotea na majani yanabaki yamelegea, ukiyavuta yanang'oka bila ubishi. Kuvu. Hilo nililijua, hata kama sikuwahi kuliona kwenye ukoka. Nikafanya kile ambacho kila mtu aliyelelewa na kahawa angefanya, nikachanganya dawa ya kopa, ile ya bluu, nikabeba bomba mgongoni nikapulizia uwanja mzima kama mibuni yenye chulebuni. Kwa siku mbili tulikuwa na ukoka wa bluu. Siku ya tatu ncha za majani ziliungua, hata yale yaliyokuwa mazima, na madoa yakaendelea na safari yake.

Meneja alianza kupitia mlango wa nyuma, nami nikaanza kufika kazini kabla ya watu wote ili nitazame peke yangu. Nilikuwa siwezi kula. Nilikuwa nikifumba macho naona madoa.

Alhamisi moja wakulima walikuwa wameleta kahawa ya mwanzo ya msimu, nami nikapanda juu ya lori kuhakiki magunia. Kutoka kule juu nikageuka kuutazama ukoka. Madoa hayakutawanyika ovyo kama nilivyodhani nikiwa chini. Yalikuwa yamejipanga. Yalifuata mistari, na mistari ilikatana, miraba kwa miraba, imenyooka kama ilivyonyooka mistari ya mama kule Maguu. Pale inapokatana, manyasi yalipolala mengi zaidi, ndipo madoa yalipokuwa makubwa. Manyasi mabichi yalikuwa yanaoza kule chini, yamejifungia na maji yangu ya kila jioni, na uozo ulikuwa unapanda.

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya mizani aliona ninachokitazama. Aliegemea gunia lake, akatazama mteremko, akanitazama mimi.

"Bibi Shamba," alisema kwa Kimatengo, polepole, "maharage mtapanda lini hapo?"

Foleni nzima ilicheka. Kila Mmatengo pale alikuwa ameshaiona ngoro. Nami nilicheka, kisha nikatazama barazani. Meneja alikuwa amesimama pale, anatazama watu wanaocheka asichokijua.

Angejua, nimekwisha. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu na hakukuwa na nafasi ya lingine.

Siku ya pili yake, Ijumaa asubuhi, aliniita nje. Mlinzi alikuwa na tabia ya kuanika usipa wake kwenye nyungo mbili, na siku za ukungu alizisogeza kwenye ukoka, maana jua lilianzia pale. Meneja alikuwa amezikuta. Alikuwa ameinua ungo mmoja, ameushika mbali na shati lake, na mlinzi amesimama mbele yake kofia mkononi.

"Tazama," meneja aliniambia. "Ungo ni wa duara. Madoa ni ya duara. Nimekuwa nikiwaza wiki nzima, kumbe jibu lipo getini. Chumvi ya samaki."

"Hawana chumvi, bosi," alisema mlinzi. "Usipa hatuwatii chumvi. Ni jua tu. Na ziwa letu maji yake ni ya kunywa."

"Samaki gani anaanikwa bila chumvi?"

Kwao pwani hakuna, na nilimwelewa. Lakini mimi nilikuwa nimekula usipa hao kwa mkono wa mke wa mtu huyu. Nilijua hawajaguswa na chumvi hata punje. Nyungo zenyewe zilikuwa mbili, na madoa yalikuwa uwanja mzima.

"Bibi Shamba, wewe ndiye mtaalamu," meneja alisema. "Chumvi inaua majani au haiui?"

Wote wawili walinigeukia. Nimewahi kukaa mbele ya padre, na mbele ya hakimu wakati wa kuachana na mume wangu, lakini sijawahi kutazamwa vile.

"Chumvi inaua majani," nilisema.

Lilikuwa jambo la kweli. Hata leo ukiniuliza nitakujibu hivyohivyo.

Mlinzi aliinama akaokota usipa waliokuwa wamemwagika kwenye ukoka, mmoja mmoja, akawarudisha kwenye ungo. Meneja alimwambia Jumanne arudishe koti na kirungu, mtu mwingine ataanza. Akaenda kujiandaa na swala ya Ijumaa. Mimi nikaingia kwenye stoo ya magunia nikakaa juu ya kahawa, na nilijichukia, ndiyo, lakini nitasema na lile lingine ambalo watu hawalisemi: nilipumua. Kwa mara ya kwanza tangu doa la kwanza, nilipumua.

Pumzi hiyo haikufika Jumapili. Nilipanda Maguu baada ya misa. Mama alikuwa uani anapepeta maharage, na kabla sijakaa aliniuliza habari za ukoka. Hapo nikalipuka. Nilimwambia ngoro yake imeota juu ya ukoka kama upele. Nilimwambia wakulima wananicheka, kwamba mambo ya kishamba ameyaleta mjini, kwamba nitamwaga unga kwa sababu yake. Nilisema mengi. Hakuinua macho. Aliendelea kupepeta, maharage yanaruka na kurudi, mpaka nikafika kwenye habari ya mlinzi. Hapo ungo ulisimama.

"Yule aliyekupa ukoka?"

"Huyohuyo."

"Mkewe ndiye aliyekulaza kitandani kwake."

Niliinama nikaokota maharage yaliyokuwa yameruka nje ya ungo.

"Lini anaondoka?"

"Jumanne."

Aliweka ungo chini, akaniuliza kama nimekula. Hatukuongea tena habari hiyo. Aliponisindikiza alinipa maharage ya watoto, na nikashuka mlima nikiwa na hasira ile ya mtu anayejua kabisa kwamba hana haki nayo.

Jumanne saa tatu, ukungu ukiwa bado umekaa, nilimwona mama akiingia getini. Alivaa kitenge chake cha kanisani na viatu, na viatu mama huvaa kwa mazito tu. Mlinzi, aliyekuwa amekunja koti lake vizuri na kuliweka juu ya benchi tayari kulikabidhi, alisimama akamwamkia. Mama aliitikia, akapita moja kwa moja hadi barazani, na mimi nikatoka ofisini kumfuata. Nilijua amekuja kusema. Nilichokuwa sijui ni kiasi gani. Tuligombana mbele ya manyasi yale, yeye akisema yakauke, mimi nikisema funika. Akilisema hilo tu, sentensi moja, nafungasha vitu vyangu siku hiyohiyo.

"Shikamoo, mama," alisema meneja.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa habari ya majani yako. Nipe jembe."

Meneja alinitazama. Nilitazama chini. Mama alilichukua jembe mwenyewe pale lilipokuwa limeegemezwa, akateremka hadi kwenye doa kubwa karibu na ngazi, akapiga mara mbili tu na kufunua. Harufu ilitutangulia. Chini ya ukoka kulikuwa na kitu cheusi, kinateleza, kimepitiwa na nyuzi nyeupe kila upande, na kilitoa mvuke kidogo kwenye baridi ile. Wakulima walioanza kufika na magunia walisogea. Meneja alifunika pua kwa leso.

"Nini hiki?"

"Manyasi. Sisi ndivyo tunavyolima mlimani, tunayafunika udongo usiondoke. Lakini hufunikwa makavu. Haya yalifunikwa mabichi, yameoza vibaya. Samaki wa yule baba hawahusiki."

"Nani aliyafunika mabichi?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Mimi," alisema mama. "Nilikuwa na haraka. Maharage yangu yalikuwa yanapasuka shambani, nikataka nimalize nirudi."

"Na huyu?" Meneja alinielekezea kidole. "Mtaalamu wetu hakukuzuia?"

"Mimi nilipokuwa nafukia huku, yeye alikuwa Lundo kukuchukulia ukoka."

Hilo nalo lilikuwa na kweli yake. Mistari miwili ya mwisho aliifukia nikiwa nimeshaondoka. Alilisema kwa sauti ileile niliyosemea mimi habari ya chumvi, na hapo ndipo nilipotambua kwamba nimejulikana nilivyo, na aliyenijua ni mama.

Niligeuka, na macho yangu yakakutana na ya mlinzi. Alikuwa amesimama kando ya benchi lake. Yeye alisikia yote siku ile, neno kwa neno, Kimatengo chake hakikuwa na kasoro. Angeweza kusema. Alikuwa na kila haki ya kusema, baada ya nilichomtendea. Alinitazama kwa muda, kisha akalichukua koti lake juu ya benchi, akalikunjua, akalivaa.

Meneja alikuwa amekasirika, na aibu ya kumwonea mtu ilizidisha hasira. Hakupaza sauti. Alisema, mbele ya wakulima wote, "Mama, nakuheshimu kwa umri wako. Lakini mikono yako isiguse tena kitu humu ndani. Hapa si mahali pa kilimo cha kubahatisha." Mama, ambaye mistari yake watu walikuja kuitazama kutoka vijiji vingine, aliitikia kwa kichwa. Akafuta jembe kwenye majani, akalirudisha alipolikuta.

"Umesikia, Bibi Shamba?" meneja aliniuliza.

"Nimesikia," nilijibu.

Nilitaka kumsindikiza angalau hadi barabarani. Nilifika getini, nikasikia meneja ananiita, tuanze kufukua. Mama alisema, "Nenda, unaitwa." Nikaenda. Alipanda mlima peke yake na vile viatu.

Tulifukua mistari yote ya juu, karibu na ofisi, tukatoa uozo kwa toroli, tukajaza mchanga na kuacha jua liingie. Niliacha kumwagilia jioni. Ukoka tulioutoa kwenye kona tuliuhamishia katikati. Wenye kampuni walikuja, wakasimama barazani muda wa kunywa soda moja, wakatazama mizani, wakatazama stoo, wakaondoka. Sikumwona hata mmoja akiangalia chini. Mimi nikaandikwa kazi ya kudumu.

Desemba mvua ya kwanza ilichimba mfereji kwenye sehemu yote tuliyoifukua, udongo na ukoka vikaishia barabarani. Sehemu ya chini, ambayo hatukuigusa kwa sababu madoa yake yalikuwa yamekauka yenyewe, haikusogea. Meneja alinisifu kwa hiyo ya chini. Nikamwambia asante.

Mlinzi alibaki getini miaka yote niliyokaa pale. Tulisalimiana vizuri kila asubuhi. Kila aliporudi kutoka likizo kwao alikuja na kifurushi cha usipa kilichofungwa kwenye gazeti, akanikabidhi na kusema, "Wa mama yako." Mimi hakuniletea hata mmoja. Na mama, nilipomfikishia, aliwagawa kwenye vibakuli viwili, akanisogezea kimoja bila kuuliza kama nimepewa wangu, nami nikala kwa kujilazimisha, mbele yake.

Machi iliyofuata niliomba ruhusa ya siku nne nikapanda Maguu kumsaidia kulima. Nilifyeka, nikalaza manyasi mimi, yeye akinyoosha mistari yangu kwa mguu. Kulikuwa na jua kali. Siku ya nne nikashika jembe nianze kufunika, kwa kuwa ruhusa yangu ilikuwa inaisha. Mama aliinama akaokota bua moja, akalikunja. Halikuvunjika. Nilisubiri aseme kuhusu ule mteremko, kuhusu siku ile barazani, chochote. Nilitamani aseme ili nami nipate kusema.

"Haya bado," alisema.

Niliweka jembe chini. Tukakaa pembeni ya shamba tukiyangoja, na kesho yake nilichelewa kazini.